Usiku Wetu Mmoja Karibu na Saboti

Neno "mapumziko" silipendi. Wajukuu wangu wakilitaja mezani, naondoka naenda kutafuta kazi jikoni. Wao wanadhani ni uzee. Si uzee, ni hasira, na hasira hii nimeishi nayo miaka mingi kuliko niliyoishi na babu yao.

Nilisoma shule ya wasichana ya misheni, si mbali na Bungoma. Aliyetufundisha Kiingereza na kushona alikuwa mwanamke kijana kutoka London, mwembamba, mwenye sauti ya chini. Hakuwa mkali. Walimu wengine walitupiga rula kwenye vifundo vya vidole, lakini yeye hakumgusa mtu. Ijumaa alasiri, tukishona pindo za mashuka ya zahanati, alikaa katikati yetu na sindano yake akatuhadithia habari za kwao.

Baba yake alikuwa akisukuma mkokoteni wa maziwa katika mitaa ya London. Mwanzoni hatukuamini. Wazungu tuliowajua sisi walikuwa na watu wa kuwasukumia. Lakini aliapa kwamba ni kweli, na kwamba nyumbani kwao walilala watoto watatu kitanda kimoja. Kila mwaka, wakati wa joto, baba huyo aliweka mkate na nyama baridi kwenye kikapu, akawapandisha mkewe na watoto treni ya daraja la tatu, wakaenda baharini kulala usiku mmoja. Usiku mmoja tu, kwa sababu wa pili ungewashinda. Kulikuwa na mama mjane aliyekodisha chumba cha juu cha nyumba yake kwa watu wa namna yao. Walilala watano kwenye vitanda viwili, na asubuhi mjane akawapa chai na yai, kila mtu yai lake. Halafu walivua viatu, wakaingia kwenye maji baridi mpaka magotini, wakapiga kelele, wakarudi London na mchanga ndani ya soksi.

"Mama yangu alikuwa anaungoja usiku huo mwaka mzima," alituambia. "Msidhani kupumzika ni kwa matajiri. Maskini ndiye anayehitaji zaidi kulala mahali pengine mara moja."

Wasichana walicheka kimya kimya. Sisi kulala ugenini tulikujua: ni matanga, ni harusi, au umetumwa kumsaidia shangazi aliyejifungua. Kuacha kitanda chako ukalipie cha mtu usiyemjua, bila msiba na bila sherehe, tuliona ni wazimu. Mimi nilicheka pamoja nao, lakini habari ile ilinikaa. Nilimwona yule mama wa London akiwa amekunja gauni, maji yanampiga magotini. Nilimpenda bila kumjua.

Nilimaliza masomo, nikawa mwalimu palepale shuleni, nikaolewa na karani wa stesheni ya reli ya Bungoma. Alikuwa mtu mpole, anayependa vitu vikae sawa. Kalamu zake alizipanga kwa urefu. Mtoto wetu wa kwanza alikuwa msichana. Wa pili alikuwa mvulana, na alikufa kwa surua akiwa na miezi tisa, wiki ileile aliyoanza kusimama kwa kushika kiti.

Sitaandika mengi juu ya hilo. Mama mkwe alitoka Myanga akakaa nasi, akapika, akaosha, akanichana nywele kama mtoto. Baada ya wiki tatu nilirudi darasani. Nilikuwa naandika ubaoni nasahau neno katikati, nageuka na kuwakuta wasichana arobaini wananitazama, chaki iko hewani. Nyumbani mume wangu alizungumza nami kama mtu anayetembea kando ya kitanda cha mgonjwa. Sikucheka miezi mitano.

Mwalimu wa London sasa alikuwa ndiye mkuu wa shule. Siku moja aliniita ofisini, akafunga mlango, akanipa leso yake.

"Nenda mahali na mume wako," alisema. "Usiku mmoja tu. Unakumbuka habari zangu za baharini?"

Nilimwambia nakumbuka.

"Basi. Kupita Kitale, upande wa Saboti, kuna mama mjane mwenye shamba chini ya mlima. Anapokea wageni wa usiku mmoja. Mimi mwenyewe huenda likizo. Hewa ni nzuri sana, na bei yake ni ya watu kama sisi."

Kama sisi. Alisema hivyo, mkono wake ukiwa juu ya mkono wangu. Nililibeba neno hilo mpaka nyumbani kama mtu aliyebeba mayai. Kesho yake alinipa barua ya kumpelekea mjane, ndani ya bahasha iliyofungwa kwa gundi.

Mume wangu aliigeuza bahasha mara mbili. "Tulale kwa Mzungu?"

"Barua tunayo."

"Barua ni karatasi, mama. Mimi nashinda na karatasi kutwa, nazijua."

"Ameandika mwenyewe. Yule si kama wengine."

Aliiweka bahasha mezani, ikae sawa na ukingo, akasema twende. Sasa najua kwamba hakuiamini barua ile hata kidogo, alikubali kwa sababu ilikuwa mara ya kwanza tangu msiba mimi kutaka kitu.

Tulimwacha msichana wetu kwa nyanya yake, tukaondoka Jumamosi asubuhi na basi la Mhindi lililopita Kimilili. Treni tungeipanda bure, maana mume wangu alikuwa na pasi ya wafanyakazi wa reli, lakini ingetuzungusha mpaka karibu na Eldoreti ndipo irudi Kitale, na siku ingeishia humo. Alivaa suti yake ya kijivu na tai. Mimi nilivaa gauni la mkanda nililolishona mwenyewe, na viatu vyeupe ambavyo nilikuwa nimevipaka chokaa jana yake vikakauka juani.

Nataka niseme ukweli wote: saa zile tatu za Kitale zilikuwa nzuri. Askari alimsimamisha mume wangu karibu na soko akadai kitambulisho na barua ya ruhusa ya mkuu wa stesheni, akavisoma polepole, akavirudisha. Lakini baada ya hapo tulitembea. Tulitazama vioo vya maduka ambayo hatukuweza kuingia kwa mlango wa mbele. Tulikula mkate na soda chini ya mti nyuma ya ghala la mahindi, na nyuki akaingia kwenye chupa ya mume wangu. Karani mzima wa reli, na tai yake, alirukaruka na ile chupa akiishika mbali na mwili kama nyoka, na mimi nikacheka. Nilicheka mpaka nikashika tumbo. Yeye alisimama, soda inamwagika kwenye kiatu, akawa ananiangalia tu.

Lori lililokuwa linarudisha makopo matupu ya maziwa mashambani lilitupeleka upande wa Saboti. Tulishuka kwenye njia ya miti iliyopandwa kwa mstari, tukatembea kama nusu saa. Mlima wote ulikuwa mbele yetu, bluu, wingu limeukalia begani. Nyumba ilikuwa ya mawe, paa la nyasi, waridi mbele, na baraza pana yenye viti vya kamba. Kijana wa Kizungu na mkewe walikuwa wamekaa hapo, miguu juu ya ukuta wa baraza, wanakula ndizi.

Mjane alitoka akiwa amevaa buti za mpira, nywele nyeupe, mbwa wawili nyuma yake. Mume wangu alivua kofia, akampa barua kwa mikono miwili. Mimi nilikuwa nimeandaa sentensi yangu ya Kiingereza tangu Kimilili, ya kumshukuru kwa kutupokea. Alisoma barua akiwa amesimama. Alitazama viatu vyangu. Kisha akaikunja, akamrudishia mume wangu kama askari anavyorudisha kitambulisho, akaita kuelekea nyuma ya nyumba.

"Mpishi! Wewe peleka hii watu kwa nyumba yako. Wao nalala huko. Kesho nakwenda."

Akageuka kuwamiminia chai wale wawili.

Sikusema ile sentensi yangu. Mpishi alikuja akifuta mikono kwenye aproni, mtu wa makamo, mwenye mvi kidogo. Alipotusikia tukinong'onezana lugha ya nyumbani, uso wake ulifunguka.

"Mulembe," alitusalimu kwa lugha hiyohiyo. "Kumbe ni watu wangu. Mimi ni wa Chwele. Njooni, njooni."

Tulimfuata kupita jikoni, kupita banda la kuku, mpaka kwenye nyumba mbili za udongo karibu na rundo la kuni. Nilisimama pale nikamwambia mume wangu anipe barua. Ilikuwa imefunguliwa sasa, na Kiingereza nilifundishwa vizuri na aliyeiandika. Aliandika kwamba anawatuma mwalimu wake mmoja na mumewe, watu safi na waaminifu, ambao wamefiwa na mtoto. Kwamba wanaweza kulala kwa mpishi, hawatasumbua mtu. Kwamba hawatarajii chochote zaidi.

Niliisoma mara mbili. Kila neno lilikuwa la upole. Kuanzia ofisini kwake, na mkono wake juu ya wangu, alikuwa anajua tutalala wapi.

"Tuondoke," nilimwambia mume wangu.

"Tuondoke twende wapi? Saa kumi na moja hii. Kitale ni mbali, na tukikutwa njiani kwenye mashamba ya watu tutalala korokoroni."

"Heri huko."

"Mama watoto."

"Sitalala kwa boi," nilisema. "Mimi ni mwalimu. Sikutoka Bungoma kuja kulala kwa boi."

Nilisema kwa lugha ya kwetu, kwa sauti kubwa. Mke wa mpishi alikuwa ameshatoka ndani, kikombe cha maji ya kunywa mkononi, ananiletea. Alisimama. Alikuwa mwanamke mnene, mwenye umri kama wa dada yangu mkubwa, ameshafunga kitambaa kipya kichwani kwa sababu alisikia kuna wageni.

"Kwani nyumba yetu ina nini, mwalimu?" aliniuliza.

Aliuliza kama mtu anayetaka kujua. Nilipokea maji nikayanywa yote ili nisimwangalie. Hasira niliyokuwa nimemwekea Mzungu wa mbele ya nyumba nilikuwa nimeimwaga kwa mtu wa nyuma ya nyumba, kwa sababu huyu wa nyuma ndiye niliyeweza kumfikia. Nililijua hilo palepale, na kulijua hakukunipunguzia kitu. Kulinizidishia.

"Haina kitu, dada," nilisema mwishowe. "Nisamehe. Nimechoka."

"Mtu aliyefiwa anachoka," alisema, na mpaka leo sijui nani alimwambia. Labda uso wangu.

Walituchinjia kuku. Walitupa kitanda chao, chenye godoro la majani ya mahindi na blanketi la kijivu lililooshwa mpaka likawa jepesi, na wao wakalala jikoni na watoto. Sikuwahi kupokelewa vizuri hivyo, si kabla wala baada. Mume wangu alilala kama gogo. Mimi nilisikia kicheko cha wale vijana wawili kikitoka barazani, na mpishi akiitwa mara mbili kutoka jikoni alikolala, mara ya kwanza kupeleka kuni, ya pili maji ya moto.

Asubuhi mke wa mpishi alinipeleka kuchota maji kwenye kijito kinachoshuka mlimani. Nilimuuliza wale wageni ni nani.

"Ni wa London," alisema. "Wamekuja Kenya kutafuta kazi, hawajapata. Hawana kitu, mwalimu. Wanabeba mkate wao wenyewe. Memsabu anawalaza kwa bei ndogo, ati anasema vijana maskini pia wapumzike."

Nilijaza mtungi wake mpaka ukafurika, nikasahau kuondoa mkono.

Tulipokuwa tunaondoka, ilibidi tupite mbele ya nyumba. Wale wawili walikuwa wanakula mayai. Yule mke kijana, uso umejaa madoa ya jua, alinipungia akasema habari za asubuhi kwa Kiingereza, na mimi nikamjibu kwa Kiingereza na kumuuliza kama amelala vizuri. Aliweka uma chini. Sidhani alikuwa mtu mbaya. Alishangaa tu, kama umesikia ng'ombe akikuita jina.

Mjane alishuka ngazi. "Shilingi mbili," alimwambia mume wangu. "Kwa kulala."

Nilimjibu mimi, Kiingereza changu chote kikiwa kimesimama wima. Nilimwambia hatukulala kwake. Tulilala kwa mama yule pale, na yeye ndiye tuliyemshukuru.

Alinitazama kwa mara ya kwanza tangu jana. Akaendelea na Kiswahili chake, kana kwamba sikusema lugha yake. "Nyumba yangu. Kuni yangu. Kuku yangu. Mpishi yangu. Shilingi mbili."

"Kuku alikuwa wa mke wa mpishi," nilisema.

"Hapana kuku ya mke wa mpishi hapa. Hapa kuku yote yangu."

Mpishi alikuwa amesimama karibu na mlango wa jikoni, anatazama vidole vya miguu yake. Mume wangu alitia mkono mfukoni, akaweka shilingi mbili juu ya ukuta wa baraza, moja juu ya nyingine, zikae sawa, akasema, "Asante, memsabu." Akanishika kiwiko tukaondoka.

Sikumsemesha mpaka Kitale. Kwenye stendi ya basi alisema, bila kunigeukia, "Wewe na mimi tumeondoka. Yule mpishi amebaki." Alikuwa sahihi, na nilimkasirikia kwa kuwa sahihi. Nilimkasirikia kwa ile asante. Ingetosha kulipa. Kwa nini na asante? Niliendelea kumuuliza swali hilo mara kwa mara kwa miaka, hata tukiwa na watoto wakubwa, na kila mara alijibu kwamba ilimtoka tu, kama mtu anavyopiga chafya.

Jumatatu, kabla ya kengele ya kwanza, niliingia ofisini kwa mkuu wa shule nikaweka barua yake mezani, imefunguliwa. Alitabasamu, akaanza kuniuliza juu ya mlima. Halafu akauona mwandiko wake. Shingo ilimwiva nyekundu kuanzia kwenye kola.

"Sikutaka mwaibike," alisema.

"Nani alikuwa anataka kutuaibisha?"

"Wageni wengine wangelalamika. Wangeondoka. Yule mama anaishi kwa wageni. Nilifikiri mtastarehe zaidi na watu wenu."

"Ungeniambia. Ningekataa, au ningeenda nikijua. Mjane wa baharini aliwalaza wapi, wewe na mama yako?"

Nje wasichana walikuwa wanapanga mistari. "Ile ilikuwa tofauti," alisema.

"Tofauti gani?"

Aliikunja barua polepole, mara moja, mara mbili. Nilingoja. Ningeweza kupokea jibu lolote. Angesema alikuwa mwoga, ningekuja kumsamehe, maana mimi mwenyewe sikuwa jasiri mbele ya yule mke wa mpishi. Angesema sheria, desturi, nchi. Badala yake aliinuka, akazunguka meza, akataka kunishika mkono kama siku ile.

"Mpenzi," alisema, "una hasira kwa sababu ya mtoto."

Nilirudisha mkono wangu nyuma.

Nimewasamehe watu wengi kwa mambo makubwa kuliko hilo. Mjane na kuku wake, kuna wiki nawasahau kabisa. Lakini sentensi ile ya upole, ya sauti ya chini, iliyomchukua mtoto wangu kutoka kaburini ili mwandikaji wa barua asione haya, hiyo sijaisamehe na sina mpango wa kuisamehe. Nililia kwa ajili ya mtoto miezi mitano. Asubuhi ile sikuwa nalia. Nilikuwa nauliza swali, na nilikuwa na haki ya kujibiwa.

Niliomba kuhamishwa mwisho wa muhula, nikapelekwa shule ndogo upande wa Chwele, madarasa ya udongo na madawati ya kukalia wanne. Siku ya soko nilikwenda kumtafuta mama wa yule mpishi, nikampelekea sukari na kanga, na kwa mkono wake nikatuma kuku wawili kwa mkwewe, majike, wa kutaga. Aliniletea salamu baadaye kwamba walifika. Hakusema kama waliandikwa kuwa wa memsabu.

Mwalimu wa London alirudi kwao miaka michache baadaye. Shule ilimfanyia sherehe, nikatumiwa barua ya mwaliko, sikuenda. Mume wangu alikuwa kwenye zamu stesheni siku aliyosafiri. Ndiye aliyepima masanduku matano ya mwalimu na kuyaandikia tiketi za mizigo.

Jioni alipofika nyumbani alivua viatu, akavipanga ukutani.

"Alikuulizia."

"Ukamwambia nini?"

"Nilimwambia uko shambani, unapalilia maharagwe."

Na ndivyo ilivyokuwa. Mvua ilikuwa imechelewa mwaka ule, na magugu yalikuwa mengi.